Waya unakula pete za fimbo ya kuvulia, na unaanzia nchani

Nianze na nyie wa kwetu Tanga na Pemba maana najua mtauliza, waya si tunafunga kipande tu karibu na ndoana ili nguru asikate na meno? Ndiyo, ila huku Montauk, New York, ambako wikiendi natoka na boti za kukodi kama baharia wa kusaidia, kuna watu wanarambaza na mshipi wa waya mtupu, futi 300 hivi, nyuma yake kwenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ndo unakuta uzi wa kawaida wa kujazia. Sababu ni mkondo. Samaki wanayemtafuta ni straipa, anakaa chini chini penye miamba na maji yanakimbia, uzi wa nailoni ukiuburuta unapepea juu tu, waya unazama wenyewe bila hata chubwi. Hesabu ya wazee wa pale ni kwamba kila futi 100 za waya chambo kinashuka kama futi 10, na alama wanaweka kwa plasta za rangi.

Sasa shida ni pete. Zile duara zinazopitisha mshipi kwenye fimbo, Waingereza wanaziita guide, jina ambalo mdomo wetu unaligeuza gaidi, kuna siku nilikua naongea na shemeji kwa simu nikamwambia magaidi wangu wameisha kabisa naenda kununua wengine, we acha tu. Kwa hiyo hapa ni pete, basi.

Fimbo yangu ya kwanza ya waya nilinunua mtumba, bei poa, pete zimepakwa kromu zinang'aa vizuri. Safari ya nne hivi nikapoteza samaki, nikasema bahati mbaya. Ya tano tena, waya umekatika, na haukukatikia kwenye fundo, umekatikia palepale nchani. Kapteni hakusema kitu, akachukua kijiti cha pamba cha masikio akakizungusha ndani ya pete ya nchani, pamba ikabaki imenasa nyuzi nyuzi. Akanipa nipitishe ukucha. Aisee, mfereji! Kama lile jiwe la mdomo wa kisima cha zamani lilivyochimbwa na kamba.

Na hapo ndo nilipoelewa. Kromu yenyewe ni ngumu lakini ni ngozi nyembamba tu, waya ni mwembamba kwa hiyo nguvu yote inaangukia mstari mmoja, halafu unarudi ndani na chumvi na mchanga, ngozi ikishachanika unafika kwenye chuma laini na hapo kazi inaenda haraka. Kisha mfereji nao unaanza kulipiza, kingo zake zinaukwangua waya mpaka unakatika. Yaani wanakulana.

Kwa nini nchani? Kwa sababu ya ile chambo ya manyoya ya nailoni wanaiita parashuti, ukiiburuta tu haifanyi kitu, inabidi uvute fimbo mbele kwa nguvu, uachie, uvute, uachie, saa nzima mkono unawaka moto, na kila ukivuta waya unasugua palepale unapopinda kuliko popote. Pete za katikati zinaguswa kidogo tu. Ndo maana nakwambia usipoteze hela kubadilisha fimbo nzima kwa pupa, weka hela nchani kwanza, kisha ile inayofuata, zingine utazifikia.

Mimi nilianza na makosa lakini. Niliweka ya nchani yenye kigurudumu, nikiwaza kitu kinachozunguka hakisuguliwi. Waya ukilegea kidogo ukaingia pembeni kati ya kigurudumu na fremu, ukajikunja, ukivuta hapo umekwisha. Na chumvi ikikigandisha kigurudumu kikaacha kuzunguka, umerudi kwenye mfereji uleule. Wapo wanaozipenda na wanazipaka oili kila safari, sawa, mimi mvivu.

Ninazotumia sasa ni za kabaidi ya tangsteni, wazee wa pale wanaziita Carboloy, na fimbo ya pili ina za silikoni kabaidi. Zote ngumu mno, msimu mzima nikipitisha pamba haishiki. Ubaya wake ni kwamba ugumu huo hauna subira na kupigwa. Fimbo iliniponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya gati, nikaitazama naona nzima, kumbe pete ina ufa kama unywele, na ufa ule ulikata waya mpya siku moja tu, mbaya kuliko ule mfereji wa kromu. Kwa hiyo ikianguka, pitisha pamba kabla hujashusha mshipi.

Waya wenyewe pia uangalie. Wa stenlesi ni rahisi lakini una kiburi, unajisokota ukiulegeza, mimi nalipa zaidi nachukua monel, mchanganyiko wa nikeli na shaba, ni laini na unalala vizuri kwenye rili. Ukishapata kink, yaani mkunjo mkali, kata, usiunyooshe, maana hiyo kona ikipita kwenye pete inakwangua kama msumeno.

Ukirudi gati mwagia fimbo maji baridi yasiyo na chumvi, pete zote, dakika mbili.

Na pete ya nchani ibandike kwa gundi ya moto, ile ya vijiti, epoksi hapana. Ikiharibika mkiwa baharini unapasha kile kibomba chake kwa kiberiti cha gesi kidogo kidogo, usiunguze fimbo, unazungusha inatoka, unapachika ya akiba, unaipanga sawa na zingine kabla gundi haijaganda. Mimi ya akiba nafunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kijiti cha gundi, vinakaa kwenye kisanduku cha ndoana, na mara mbili vimeniokoa kabla jua halijachomoza.