Seva nimeizima, mbona bili bado inakuja?

SWALI: Habari, fundi. Nina seva ndogo AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta mtandaoni), kituo cha Virginia, niliyokuwa najaribia mfumo wa duka. Mwezi uliopita niliizima mwezi mzima, sikuigusa kabisa. Bili imekuja karibu dola 12. Diski yake ni GB 100, aina ya gp3, na ina anwani ya IP ya kudumu. Wananitoza nini?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hujaibiwa. Ulichozima ni prosesa na memori. Hizo hesabu yake ilisimama palepale. Vitu viwili ulivyovitaja mwenyewe ndivyo vilivyokula pesa.

Diski kwanza. Data yako bado imekaa humo, na nafasi hiyo hapewi mteja mwingine. Pale Virginia gp3 ni dola 0.08 kwa GB kwa mwezi, kwa hiyo GB 100 ni dola 8, hata kama umejaza GB 6 tu. Ni kama fremu: ukiifunga kwa kufuli, kodi inaendelea. Halafu ile IP. Tangu Februari 2024 kila anwani ya IPv4 ya umma (IP ya kawaida inayofikika mtandaoni, kama yako) inatozwa dola 0.005 kwa saa, itumike isitumike. Zidisha kwa saa 730 za mwezi, unapata dola 3.65. Jumla dola 11.65, kabla ya kodi ya serikali.

Wengi wetu tumezoea bando: likiisha, limeisha. Huku mita inatembea kwanza, bili inafuata. Hata ile tahadhari ya bajeti (onyo kwamba matumizi yamefika kiasi ulichoweka) hukutumia barua pepe tu. Haizimi kitu mpaka uwe umeiagiza.

Kama utairudia seva baadaye, chukua nakala ya diski (nakala hutozwa kwa data iliyomo, si kwa ukubwa wa diski), hakikisha inafunguka, ndipo ufute diski na kuiachia ile IP. Ukirudi utapewa IP nyingine, kwa hiyo ukumbuke kubadilisha DNS (kumbukumbu inayoelekeza jina la tovuti kwenye IP yake).

Na usivutwe na punguzo la kujifunga mwaka 1 au 3. Linafika hadi asilimia 72, ndiyo, lakini unalipa hata seva ikiwa imezimwa. Hilo ni la mashine inayokesha, si la majaribio.