Chagua mino kwanza, ndoano baadaye: kwa anayeanza kuvua wolai kwenye barafu

Kila Desemba, maziwa ya Minnesota, Marekani, yakishaganda barafu, napigiwa simu na vijana waliohamia huku kutoka Mwanza, Kisumu au Bukavu. Wamesikia kuhusu samaki anayeitwa wolai (walleye), wameona watu wamekaa juu ya ziwa kama wamekaa uwanjani, nao wanataka kujaribu. Swali lao la kwanza halibadiliki: "Kaka, ninunue ndoano namba ngapi?" Nami huwauliza: "Utatumia chambo gani?" Wengi hunyamaza. Basi leo nieleze kwa kirefu, kwa sababu msimu wangu wa kwanza niliupoteza karibu wote kwa kuanza na ndoano.

Nimezaliwa Ukerewe. Baba alikuwa akitega migonzo ya sangara, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na kazi yetu watoto ilikuwa kutia chambo: vijikambare hai, kimoja kwa kila ndoano. Kambare ana roho ngumu. Unamchoma mgongoni kwa ndoano nene, unamtupa majini, na asubuhi unamkuta bado anacheza. Nilikuja Minnesota na mkono ule ule. Nikanunua ndoano kubwa, namba 1/0, nikachoma visamaki vya dukani kama nilivyokuwa nikichoma kambare, nikashusha. Kwenye kioo cha sona, chombo kinachoonyesha samaki walio chini ya maji, nilikuwa nawaona wolai wakipanda kutoka chini, wanafika kwenye chambo, wanasimama, kisha wanashuka tena. Jirani yangu, hatua kumi kutoka kwenye tundu nililotoboa kwenye barafu, alitoa wanne jioni ile. Nilipomwomba anionyeshe ndoano yake sikuamini: ilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi.

Ili uelewe sababu, mjue kwanza samaki mwenyewe. Wolai, kwa jina la kisayansi Sander vitreus, ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Ukimmulika usiku macho yake yanawaka kama ya paka, kwani nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga. Huo ndio silaha yake: anaona vizuri wakati visamaki anavyowinda havioni. Kwa hiyo anakula zaidi alfajiri na magharibi. Desemba huku jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na anayefika ziwani saa kumi amechelewa. Matundu yawe yametobolewa mapema na kelele za keekee zimekwisha, maji yametulia.

Jambo la pili ni baridi. Chini ya barafu, maji ya kina yana nyuzi 4 hivi za Sentigredi, na mwili wa samaki unafuata joto la maji. Tumbo linasaga polepole, hana pupa. Hakimbilii chambo na kukirarua kama sangara. Anasogea, anakitazama kwa jicho lile kali, halafu anafungua kinywa ghafla na kukivuta ndani pamoja na maji. Hapo ndipo ndoano inapoamua mambo. Ndoano nzito haivutiki. Chambo kinabaki nje ya mdomo, samaki anahisi chuma, anaondoka. Ndoano nyepesi inaingia pamoja na chambo kana kwamba haipo. Tena ndoano nene inakiua mapema kisamaki cha chambo, na kisamaki kilichokufa mbele ya wolai asiye na njaa ni kama jiwe.

Mino ndilo jina tunalotumia sisi huku kwa visamaki vya chambo. Dukani utakuta aina mbili zinazokuhusu. Fathedi ni mfupi, mnene wa kichwa, rangi ya kahawia, urefu wa inchi 2 hadi 3. Huyu ndiye mvumilivu. Anastahimili ndoo, safari na kuchomwa. Shaina ni mrefu zaidi, inchi 3 hadi 4, anameta kama bati jipya, na mmeto ule unaonekana mbali. Wolai wanampenda sana. Lakini ni mwororo: magamba yanabanduka ukimshika vibaya, na maji yakipoteza hewa kidogo tu anageuza tumbo juu. Katikati ya majira ya baridi huadimika na bei yake hupanda. Ushauri wangu kwa mgeni ni fathedi kwa msimu wote wa kwanza, na shaina sita tu za kujaribia siku ambayo umeshajua kutunza ndoo. Ninajua wavuvi wakongwe watakaobishana nami hapo, lakini wao mikono yao ilishazoea.

Chambo kikishajulikana, ndoano inajichagua yenyewe. Fathedi anataka namba 8; akiwa mkubwa, namba 6. Shaina anataka namba 6 au 4. Na hapa sisi tuliotoka Ziwa Victoria tunajikwaa, kwa sababu ndoano za migonzo zina hesabu yake. Namba 9 ya migonzo ni chuma cha kubeba sangara wa kilo kumi. Namba 8 ya duka la Minnesota inakaa nzima juu ya ukucha wa kidole gumba. Kwa hesabu ya huku, kadiri namba inavyopanda ndoano inazidi kuwa ndogo: 12 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4. Ukifika 1 hesabu inageuka, inakuja 1/0, 2/0, na kuanzia hapo ndoano inakua. Hizo za sifuri waachie wa majira ya joto.

Omba ndoano ya waya mwembamba. Kabla ya kuifunga, iburute taratibu juu ya ukucha: ikikwama ni kali, ikiteleza itupe, wala usiionee huruma. Kuhusu rangi, watu huku wanasema mengi. Mimi naamini kwenye maji meupe rangi ni jambo dogo. Kwenye maji yenye rangi ya chai, kama Lake of the Woods iliyoko mpakani na Kanada, dhahabu na zile zinazong'aa gizani husaidia kweli.

Sasa kumtunga mino, kazi ambayo mikono yako itaifanya mara hamsini kwa siku kwenye baridi ya kuganda. Usichovye mkono ndani ya ndoo. Vidole vikilowa, baada ya dakika mbili havina kazi. Mimi natumia kichujio cha chai: nachota mino mmoja, nakung'uta maji, namshika kwa vidole viwili vikavu. Tafuta pezi la mgongoni. Chini yake kidogo kuna ngozi na nyama nyembamba, halafu unafika kwenye uti wa mgongo. Ndoano ipite pale juu tu, iingie upande huu itokee upande wa pili, usiguse uti. Ukiweza kuona kivuli cha waya kupitia kwenye ngozi, umepatia. Mino aliyetungwa vizuri hupiga mkia mkononi mwako mara ile ile. Akilegea, umegusa uti. Mtoe, chukua mwingine, maana kumshusha vile ni kupoteza dakika kumi za magharibi, na magharibi yenyewe ni fupi.

Shaina mtunge midomoni, maana mgongo wake unachanika upesi.

Uzi wa mwisho kabla ya ndoano uwe ule usioonekana majini, florokaboni yenye nguvu ya kubeba pauni 6 hadi 8. Chubwi dogo libane inchi 12 hadi 18 juu ya ndoano, ili mino awe na nafasi ya kuzunguka. Nunua chubwi la bati au tangsteni badala ya la madini ya risasi. Ndege wa jimbo hili, luni, humeza risasi zilizopotea ziwani na kufa kwa sumu yake, na kwa kuwa unakula kutoka ziwa hilo hilo, si vizuri kuliachia sumu. Shusha mpaka chini, kisha inua futi moja. Macho ya wolai yamekaa kwa kutazama juu, chambo kilichokaa chini yake hakioni kirahisi.

Minnesota inaruhusu mtu mmoja mishipi miwili wakati wa barafu, na mishipi hiyo usiifanye pacha. Wa kwanza uwe wa kuita: kijiko kidogo cha chuma chenye ndoano ya matawi matatu, namba 10 au 12, na kichwa cha mino kwenye tawi moja. Ndiyo, kichwa tu. Unambana fathedi nyuma ya mashavu, unamkata, unabakiza harufu na damu. Inua kijiko, kiache kianguke, kitulize. Kinameta na kugonga, na samaki wa mbali wanasogea kuangalia. Wengine watakipiga hapo hapo. Wengi watasita, kisha wamwone, futi sita pembeni, mino mzima anayehangaika chini ya boya lililotulia. Huo ndio mshipi wako wa pili, nao ndio hulisha familia yangu. Usiuguse, wala usiutikise kumsaidia mino. Yeye anajua kazi yake: wolai anapokaribia, utaona boya linaanza kucheza haraka haraka, kwa woga wa mino, kabla hata halijashikwa.

Boya likizama, subiri lishuke mpaka ulione kama kivuli tu ndani ya maji. Kunja uzi polepole hadi uhisi uzito, halafu inua fimbo kwa wimbi moja. Usivute kwa nguvu za migonzo. Ndoano namba 8 ni kali lakini shimo linaloachwa mdomoni ni dogo, ukivuta kwa hasira unalipanua na samaki anachomoka kwenye mdomo wa tundu huku unamwona. Kama ameimeza na ni wa kurudishwa, kata uzi karibu na mdomo, usichokoe.

Na wengine ni lazima warudishwe. Kama kwetu sangara anavyowekewa kipimo cha urefu, huku nako kila ziwa lina vipimo na idadi yake, nayo hubadilika. Soma kanuni za ziwa lako kabla hujatoka nyumbani. Msidhani ni usumbufu. Katika Red Lake, kaskazini, wolai walivuliwa mpaka wakaisha. Mwaka 1999 kabila la Red Lake na serikali ya jimbo walisimamisha uvuvi wake, wakapandikiza vifaranga, na ziwa likafunguliwa tena 2006. Mimi nimevua Upper Red Lake, na kila mara nawafikiria furu, visamaki vya Ziwa Victoria vya utoto wangu, ambao wengi wao hawakurudi tena.

Ndoo ya mino nayo ina sheria. Huruhusiwi kuingiza mino hai kutoka jimbo jingine, kwa hiyo usipite Wisconsin kuwanunua kwa sababu ni njiani. Ukiondoka ziwani, maji yote ya ndoo yamwagwe pale pale kwenye barafu. Ukitaka kubaki na mino wako, waongezee maji ya chupa au ya bomba uliyokuja nayo. Lengo ni kutohamisha wadudu na mimea vamizi kutoka ziwa moja hadi jingine. Lakini maji ya bomba yana klorini na klorini inaua mino. Niliwahi kupoteza shaina wote kwa usiku mmoja kwa kutojua hilo. Nunua matone ya kuondoa klorini, yale ya matangi ya samaki wa mapambo, na maji yapoe nje kwanza yalingane na ya ndoo. Kwenye gari, ndoo ikae mbali na hita. Pampu ndogo ya hewa ya betri itakulipa gharama yake ndani ya wiki mbili. Mino usiowataka tena usiwatupe tunduni hata kama wako hai, ni kosa kisheria. Wafunge kwenye mfuko, wapeleke kwenye pipa la taka nyumbani.

Leseni inahitajika kuanzia miaka 16. Kwenye maziwa mengi ya ndani, msimu wa wolai unafungwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi 4 ndipo uikanyage kwa miguu, ile nyeupe ya theluji iwe mara mbili yake, na upime kila baada ya hatua kadhaa, kwani ziwa moja lina unene tofauti. Ukiwasha hita ndani ya hema, acha tundu la hewa wazi. Moshi usioonekana umeua watu wazima wenye akili zao.

Siku yako ya kwanza, piga simu kwenye duka la chambo lililo karibu zaidi na ziwa, si la mjini. Uliza wana mino gani leo, na wolai wanashika kwenye kina cha futi ngapi. Ukifika, mpe muuzaji ndoo yako mwenyewe yenye maji baridi, uone anavyochota. Wanaoogelea kwa kukimbia kichujio ndio wako. Wanaoelea pembeni mwombe awarudishe, hatachukia. Halafu geukia ukuta wenye ndoano ukiwa na ndoo mkononi, linganisha ndoano na mino aliye mbele yako, na uchukue pakiti mbili za namba 8.