Kumwazima jirani sufuria, nako ni ibada?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, na riziki yangu ni vitumbua ninavyopika asubuhi. Sina uwezo wa kutoa sadaka kama wenzangu. Ramadhani wao hufuturisha msikiti mzima, mimi hata kilo moja ya tende sijawahi kupeleka. Ninayoyaweza ni madogo tu: nikichota maji namjazia ndoo bibi wa nyumba ya pili, mtoto wa jirani hula na wanangu mama yake akichelewa kazini, na majirani huja kuazima vyombo vyangu. Mmoja wao ni Mkristo. Shoga yangu ananiambia huo ni utu tu, si ibada, kwa kuwa sinuii chochote, nimezoea. Je, napata thawabu? La pili, sufuria langu kubwa la shughuli liliazimwa likarudi limetoboka, na aliyeliazima hakusema neno. Moyo umeniuma. Nikimdai nitapoteza thawabu? Na nikikataa kuazima tena, nitapata dhambi?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Mama, uchungu huo wa kuwaona wenye mali wakitangulia ulikwisha kuwapata watu wa Madina. Masahaba masikini walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa matajiri wameondoka na thawabu zote: wanaswali kama tunavyoswali, wanafunga kama tunavyofunga, kisha wanatoa sadaka kwa ziada ya mali zao. Mtume hakuwaambia wasubiri mpaka nao wapate. Aliwauliza kwani Allah hakuwajaalia nao cha kutolea sadaka? Kila tasbihi ni sadaka, kila takbiri ni sadaka, kuamrisha mema ni sadaka, kukataza maovu ni sadaka. Hadithi hii ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Dharr (r.a.). Maana yake ni kwamba wale masikini hawakuwa nyuma kama walivyodhani. Nawe hauko nyuma.

Kuna nyingine ambayo wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka yake kila siku jua linapochomoza. Katika mapokezi ya Bi Aisha (r.a.) viungo hivyo vimetajwa idadi yake: 360. Sasa nani ana shilingi za kulipia viungo 360 kila kukicha? Hata tajiri hana. Ndiyo maana Mtume akaitaja sadaka ya namna nyingine: kuwapatanisha wawili kwa uadilifu, kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake, neno jema, kuondoa chenye kudhuru njiani. Huyo wa mnyama leo ndiye mzee anayepandishwa kwenye daladala huku konda kishagonga bodi, gari limeanza kusogea. Huyo wa mzigo ndiye mwenzio unayemtwika ndoo pale bombani kwa kuwa peke yake haiwezi. Umewatwika wangapi tangu mwaka uanze, na hujawahi kuandika popote? Kumeandikwa.

Na kuhusu bibi unayemjazia maji, hapa nataka usikilize vizuri. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo kadhaa kuwa ni sadaka: kutabasamu usoni mwa nduguyo, kumwelekeza aliyepotea njia, kumsaidia asiyeona vizuri, kuondoa jiwe na mwiba njiani. Halafu akasema: na kumimina kutoka ndoo yako kwenda ndoo ya nduguyo ni sadaka. Ndoo, mama. Imetajwa kwa jina lake.

Vyombo navyo vimetajwa, tena ndani ya Qur'ani. Suratul Maa'un tunaisoma sana katika swala kwa kuwa ni fupi, aya saba tu, na pengine kwa kuizoea hatuisikii tena. Inawakemea wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionesha, kisha inamalizia: na huzuia maa'un. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amesema kwamba zama za Mtume wao walikuwa wakihesabu maa'un kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Allah ameliweka jambo la chungu katika sura moja na jambo la swala. Huyo shoga yako anayesema kuazimana vyombo ni utu tu, mwambie ni kweli ni utu, na utu huo umo katika dini.

Tuje kwenye nia, kwa sababu hapo shoga yako ana hoja, na sitaki kuipuuza. Amali ni kwa nia, hilo halina ubishi. Lakini wanazuoni wametofautisha baina ya ibada ambayo haiswihi bila nia, kama swala na saumu, na wema ambao manufaa yake humfikia mwingine uwe umenuia au hukunuia. Soma Suratun Nisaa aya ya 114. Allah anasema hakuna kheri katika mengi ya wanayonong'ona, isipokuwa anayeamrisha sadaka, au wema, au kupatanisha watu. Hapo ameshaiita kheri. Ndipo akaongeza: na mwenye kufanya hayo kwa kutaka radhi za Allah, tutampa ujira mkubwa. Ibn Rajab al-Hanbali, aliyefariki mwaka 795 Hijria, ameieleza aya hii kwa namna hiyo: kitendo chenyewe ni kheri, na ujira umefungamanishwa na kutaka radhi za Allah. Wapo pia wanaotegemea hadithi ya Muislamu anayepanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, ikawa ni sadaka kwake. Dhahiri ya hadithi hiyo ni kwamba anaandikiwa hata kama hakumfikiria ndege siku alipokuwa akichimba shimo.

Mimi ninachokushauri ni chepesi. Usiwe na wasiwasi na yaliyopita, Allah ni Mkarimu kuliko hesabu zetu. Kuanzia kesho, unapowasha moto wa vitumbua alfajiri, sema moyoni: Ewe Mola wangu, kila nitakachomfanyia kiumbe chako leo nakifanya kwa ajili yako. Basi. Huna haja ya kusimama mlangoni na kunuia kila anapokuja mtu kuomba chumvi. Mazoea si kitu kibaya. Mtu aliyezoea wema mpaka unamtoka bila kufikiri amefika mahali ambapo wengine bado wanapatafuta.

Jirani Mkristo naye ni jirani, na haki ya ujirani anayo. Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, akawa anauliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Mmempelekea jirani yetu Myahudi? Kisha akataja alivyomsikia Mtume akisema kuwa Jibril hakuacha kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atampa sehemu ya mirathi. Sitaongeza hapo.

Nilipokuwa mdogo, kazi yangu kila Ramadhani kabla ya Magharibi ilikuwa kuvuka uchochoro na sahani iliyofunikwa kawa. Kaimati kwa huyu, mihogo ya nazi kwa yule, mwendo wa haraka maana adhana i karibu, na macho chini nisije nikajikwaa. Bibi yangu alikuwa na sharti moja: sahani ya watu hairudi tupu. Siku moja ndani hapakuwa na kitu kabisa, na sahani ya jirani ipo mezani imeoshwa. Akazunguka, akafungua makopo, mwisho akachuma ndimu tatu uani, akazipangusa kwa ncha ya kanga moja moja, akaziweka katikati ya sahani, akafunika. Nikaona haya kuzipeleka. Jirani alipofunua alicheka kwa furaha, akasema alikuwa anatafuta ndimu ya mchuzi. Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani, ndipo nikaisoma hadithi ya Bukhari na Muslim: enyi wanawake wa Kiislamu, jirani asidharau cha kumpa jirani yake, hata ukwato wa mbuzi. Nikazikumbuka zile ndimu, na ile haya yangu. Kwa hiyo unaposema “ninayoyaweza ni madogo tu”, mama yangu, neno hilo liache. Mtume amelikataza.

Sasa sufuria. Pole sana. Najua sufuria la shughuli bei yake, na kwa mtu wa biashara ndogo si chombo cha kukipata kila siku.

Kisheria, kitu cha kuazima huitwa ariya. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu pwani tunayafuata, aliyeazima ndiye mdhamini: kikiharibika mikononi mwake analipa, isipokuwa uchakavu uliotokana na matumizi yenyewe uliyomruhusu. Likipata masizi au likachakaa taratibu kwa kupikiwa, humdai. Likiachwa motoni limekauka mpaka likaungua na kutoboka, hilo ni lake. Kwa hiyo kwanza muulize ilikuwaje, maana yawezekana chini lilikuwa limekwisha kuwa jembamba na wewe wajua. Mwendee faraghani, si mbele ya watu bombani, na umwambie kwa lugha ya kawaida: “Dada, lile sufuria limerudi lina tundu, tufanyeje?” Pengine mtakubaliana alipeleke kwa fundi wa kuziba masufuria, yakaisha. Kudai haki yako hakufuti thawabu ya kuazima. Kinachobatilisha sadaka ni masimbulizi na maudhi, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 264, yaani kumtangaza mtaa mzima na kumkumbusha kila mkikutana.

Kukataa kumwazima tena sufuria hilo hakukuingizi kwenye lawama ya Suratul Maa'un, kwani anayelaumiwa ni anayenyima na hali hana dhara linalomfika. Wewe umeshafikwa na dhara. Aya ya 263 ya sura hiyo hiyo ya Baqara inasema kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Bora umwambie kwa uso mkunjufu, “Hili kubwa silitoi kwa sasa, lakini dogo lipo, chukua,” kuliko kumpa huku umenuna, kisha ukasema naye moyoni wiki nzima.

Na kama utaona aibu kudai, kumbuka kisa cha Safwan bin Umayya. Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (s.a.w.) alimwomba amwazime nguo za chuma za vita. Safwan alikuwa hajasilimu. Akauliza: unazichukua kwa nguvu, ewe Muhammad? Mtume akamjibu: hapana, ni kuazima kwenye dhamana. Vita vilipokwisha zikahesabiwa, nyingine zikaonekana zimepotea. Mtume hakungoja kudaiwa, alimuuliza mwenyewe kama amlipe. Safwan, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuingia katika Uislamu, akasema: hapana, ewe Mtume wa Allah, leo moyoni mwangu mna kitu ambacho siku ile hakikuwamo.

Jirani yako alipaswa kukuuliza, na hakukuuliza. Muulize wewe. Akikulipa, pokea, ni haki yako. Ukimsamehe, hiyo ni sadaka nyingine juu ya ile ya mwanzo. Yote mawili yamo mikononi mwako.

Wallahu a'lam.