Maswali ya Wasomaji: Kuteremka Kusini kwa Gari la Nyumba

Swali

Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, pamoja na watoto wetu wawili, na tangu mwezi wa tisa mama yangu mzazi yuko nasi, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Baridi imemwelemea mno. Hatoki nje, na kutwa nzima amejifunika blanketi. Tumefikiria kukodi gari la nyumba, hili ambalo wenyewe huku huliita RV, tuteremke kusini kwa wiki mbili watoto watakapofunga shule mwishoni mwa Desemba. Mwenzangu wa kazini ananishauri tupite Santa Fe na Flagstaff hadi Arizona, kwa sababu kule ni jangwa na jua haliishi. Mimi moyo wangu uko Texas. Hatujawahi kuendesha gari la namna hiyo. Tuanzie wapi?

*Baba wa watoto wawili, Minneapolis*

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Fuata moyo wako, nenda Texas. Mwenzako amesema kweli kuhusu jua, lakini amesahau mwinuko, na katika safari ya kukimbia baridi mwinuko una nguvu kuliko jua. Mama yako atalielewa jambo hili upesi kuliko sisi sote: kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini mtu hutoka na shati moja chini na kufika juu akitafuta sweta. Santa Fe na Flagstaff ziko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Desemba theluji huanguka katika miji hiyo miwili kama kawaida. Phoenix, iliyo katika jimbo hilohilo la Flagstaff, iko kwenye mita 330 hivi na ina joto la kupendeza, ila kuifikia kwa njia uliyoshauriwa ni lazima kwanza uvuke uwanda wa juu wenye barafu, ukiwa na gari refu ambalo hujalizoea na mama mzee ndani yake.

Kwa upande wa Texas, barabara kuu ya I-35 inaanzia Duluth, inapita mjini kwenu, kisha inashuka kupitia Des Moines, Kansas City, Oklahoma City, Dallas na Austin hadi San Antonio bila kupanda mlima wowote wa kutisha. San Antonio mtaiacha na kushika I-37 inayoishia Corpus Christi, kwenye Ghuba ya Mexico. Jumla ni takriban maili 1,400, yaani kilomita 2,250. Gari la ukubwa wa kati hutumia galoni moja kwa maili 8 hadi 10, hivyo weka kwenye hesabu yako galoni 140 hadi 175 kwa kwenda peke yake. Mkataba wa kukodi nao usomwe hadi mstari wa mwisho, maana kampuni nyingi hutoza pia kwa kila maili inayozidi kiwango walichokupa na kwa kila saa ambayo jenereta imewaka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Usijaze maji katika gari hilo mpaka mmetoka kwenye ukanda wa barafu. Gari la nyumba lina tangi la maji safi, tangi la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na tangi la choo. Matangi hayo na koki huunganishwa na mabomba membamba ya plastiki ambayo mengine hupita chini ya sakafu, mahali ambapo upepo wa barabarani huyapiga moja kwa moja. Usiku wa kawaida wa Januari mjini Minneapolis hufika nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na ubaya wake ni kwamba hutaona chochote mpaka barafu iyeyuke, pengine mkiwa mmekwisha kufika kusini na kutandika vitanda. Mimi yalinipata. Katika safari yangu ya kwanza nilijaza tangi nyumbani kwa kuamini kwamba hita ya ndani ingetosha, na asubuhi ya siku ya tatu maji yalianza kutoka chini ya sinki na kulowesha godoro alilolalia mwanangu. Nililipa matengenezo kutoka mfukoni, kwa sababu mkataba ulisema wazi kwamba uharibifu wa kuganda ni juu ya mkodi. Ndiyo maana ninakusihi.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza kama gari litatolewa likiwa limekaushwa, na kama wataruhusu na kukuonyesha namna ya kulikausha tena kabla ya kurudi, kwa sababu siku mtakayorejea Minnesota baridi itakuwa kali kuliko siku mliyoondoka. Kukausha ni kutoa maji yote, kisha kupitisha ndani ya mabomba dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa mahususi kwa magari haya. Kwa kawaida ina rangi ya waridi na imetengenezwa kwa propilini glikoli. Ile inayowekwa kwenye rejeta ya injini mara nyingi ni ethilini glikoli, nayo ni sumu; isikaribie kabisa mabomba ya maji ya kunywa. Mkishavuka ukanda wa barafu, suuzeni mabomba mpaka rangi iishe, kisha safisheni tangi kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini kabla ya kuanza kulitumia.

Katika siku mbili za mwanzo, basi, lichukulieni gari hilo kama basi tu, si nyumba. Siku ya kwanza endesheni hadi Kansas City, maili 440 hivi, mlale hotelini. Siku ya pili fikeni Oklahoma City au mbele yake kidogo, mlale hotelini tena. Najua gharama hiyo inauma kwa mtu aliyekodi kitanda chenye magurudumu, lakini ni ndogo kuliko gharama ya bomba lililopasuka, na mama atalala kwenye joto la uhakika. Maji ya kunywa bebeni kwenye chupa. Choo kikihitajika njiani, kimwagieni ile dawa ya waridi badala ya maji. Endesheni mchana tu, kwani jua la Desemba huzama mapema, na jihadharini na madaraja, ambayo huganda kabla ya barabara yenyewe kwa sababu upepo baridi hupita juu na chini yake. Mvua ikigeuka barafu, egesheni na kusubiri, hata kama kusubiri huko kutakula siku nzima ya likizo.

Mama asilale kitandani gari likiwa linatembea. Najua atataka kujinyoosha na wewe utamwonea huruma, lakini breki moja ya ghafla inatosha kumrusha. Akae kwenye kiti chenye mkanda, na kila baada ya saa mbili simameni ashuke atembee kidogo, kwa sababu kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huleta damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa watu wa umri wake.

Jambo jingine linahusu sisi hasa, tuliolelewa na jiko la mkaa. Kaeni na jiko nje, chomeni nyama, furahini; lakini jiko hilo lisiingizwe ndani ya gari kwa ajili ya kuota, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu na yakionekana kuwa yamezima. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi la kupikia nalo lisitumiwe kama hita. Siku ya kukabidhiwa gari, bonyeza mwenyewe kitufe cha kujaribia kengele ya kaboni monoksidi na ile ya gesi, na kama hazilii usiondoke.

Mkifika pwani mna pa kuchagua. Rockport ni mji mdogo uliotulia, na katika hifadhi ya Aransas iliyo jirani, iliyoanzishwa mwaka 1937, wanakuja kila majira ya baridi korongo weupe warefu kuliko ndege wengine wote wa Amerika ya Kaskazini, nao husafiri takriban kilomita 4,000 kutoka hifadhi ya Wood Buffalo nchini Kanada kuja kula kaa wa vinamasi hivyo. Mwaka 1941 kundi hilo lilikuwa limebakiza ndege wapatao 15. Sasa wamezidi 500. Wapeleke watoto wakawaone. Kusini mwa Corpus Christi kuna Padre Island National Seashore, ufuko wa mchanga usiojengwa wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, ambapo kambi ya Malaquite hupokea anayetangulia kufika na haina umeme wa kuchomeka. Kwa sababu ya mama, ningeanza na kambi yenye umeme Rockport, niliyoiwekea nafasi mapema, kisha niende Malaquite kwa usiku mmoja au miwili. Mchana wa kawaida wakati huo hukaribia nyuzi 19 au 20. Hata hivyo Texas nayo hushikwa na baridi ya ghafla inayoshuka kutoka kaskazini na kupunguza joto ndani ya saa chache, na Februari 2021 baridi ya namna hiyo ilifika hadi pwani na kuwaacha mamilioni ya watu bila umeme kwa siku kadhaa. Sikiliza utabiri kila jioni, na blanketi za mama zisiachwe nyumbani.

Swali

Mhariri, ninaishi Dallas na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Mdogo wangu wa kiume kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado haijaamuliwa. Tunataka kwenda na gari la nyumba hadi South Padre Island, kusini kabisa mwa Texas karibu na mpaka wa Mexico, mwezi wa kwanza. Nimesikia kuna vizuizi vya uhamiaji njiani. Je, ni kweli, na je, gari la nyumba linahesabiwa kama nyumba kwa habari ya upekuzi?

*Dada wa Dallas*

Jibu

Ni kweli, dada yangu, na wengi hawalijui jambo hili mpaka wamekwisha kuingia. Vizuizi hivyo viko ndani ya nchi, mbali na mpaka wenyewe: kimoja karibu na Falfurrias kwenye barabara ya 281, kingine karibu na Sarita kwenye barabara ya 77. Vinasimamisha magari yanayoelekea kaskazini. Kwa maana hiyo mtateremka hadi South Padre bila kuulizwa neno, na maswali yatawasubiri siku ya kurudi, wakati njia kuu zote mbili za kutoka kule zinapita kwenye vizuizi hivyo.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba maofisa wa vizuizi hivyo wanaweza kusimamisha gari kwa muda mfupi na kuuliza uraia bila kuwa na shaka mahususi juu ya mtu. Kupekua gari kunahitaji ridhaa yako au sababu ya msingi. Kuhusu gari la nyumba, Mahakama hiyohiyo iliamua mwaka 1985 kwamba likiwa katika hali ya kuweza kuwashwa na kuendeshwa barabarani linahesabiwa kama gari, hivyo halina ulinzi wa hati ya upekuzi kama nyumba yako ya Dallas. Vitanda na mapazia havibadilishi jambo hilo.

Wewe, kama kila asiye raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa na sheria kubeba kadi yako wakati wote. Ibebe yenyewe, usitegemee picha kwenye simu. Mama au baba aliyekuja kutembea abebe pasipoti yake. Kwa mdogo wako, ninakuomba kwa dhati asipande gari hilo kabla hajazungumza na wakili wake, maana kila kesi ina undani wake na gazeti haliwezi kuupima. Wakati mnasubiri jibu la wakili, fikirini Galveston, Rockport au Corpus Christi, ambazo zote ziko kaskazini mwa vizuizi nilivyovitaja. Sisemi kwamba huko hatakutana na ofisa wa mpaka kabisa, kwa kuwa madaraka yao yanaenea maili 100 kutoka mpakani na pwani ya Ghuba inahesabiwa humo, lakini hatalazimika kupita kizuizi ili arudi nyumbani. Na mkiwa South Padre, msivuke kwenda Mexico kwa matembezi ya mchana mmoja. Mwenye kesi ya hifadhi akitoka nje ya nchi anaweza kuharibu kesi yote.

Swali

Nimestaafu, nina miaka 67, naishi Seattle na mke wangu, na gari la nyumba ni letu wenyewe. Tunataka kukaa jangwani Arizona miezi mitatu bila kulipa kodi ya kambi za gharama. Je, inawezekana?

*Mzee wa Seattle*

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Inawezekana. Nje ya mji wa Quartzsite, ulio kwenye mita 270 hivi tu, kuna ardhi ya serikali kuu inayoitwa La Posa, iliyotengwa kwa wakaaji wa muda mrefu chini ya utaratibu ulioanza mwaka 1983. Kibali cha msimu mzima, kutoka tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, kilikuwa dola 180 kwa miaka mingi. Ulizia ada ya mwaka huu kabla ya kuondoka. Kuna mahali pa kuchota maji na pa kumwagia maji machafu, lakini umeme hakuna, hivyo mtahitaji paneli za jua. Kama betri zenu ni za lithiamu, kumbukeni kwamba hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo litawahusu zaidi njiani kuliko jangwani.

Njiani hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi nanyi. Barabara ya I-5 inafikia kilele chake cha juu kabisa kwenye mlima wa Siskiyou, mpakani mwa Oregon na California, mita 1,314, na theluji ikianguka magari makubwa hutakiwa kufunga minyororo kwenye matairi. Tizameni hali ya kilele hicho mkiwa bado mbali nacho, na kama si nzuri laleni Medford, upande wa Oregon, mpaka barabara ikwanguliwe. Matairi nayo yakaguliwe umri, hata kama bado yana meno: tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, na gari linalosimama miezi mingi kwa mwaka huzeesha tairi kabla halijalika. Machungwa na matunda mengine mabichi yamalizeni kabla ya kuingia California, kwani mpakani kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo na yanaweza kuchukuliwa.