Usirithi Ugomvi wa Vihariri

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kwamba ofisini kwake anachekwa kwa kutumia kihariri (programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta) chepesi cha menyu na kipanya, ilhali wenzake wamegawanyika kati ya vihariri vya Vim na Emacs kama mashabiki wa Simba na Yanga. Anauliza ahamie upande gani.

Swali lake limenitonesha. Katika ajira yangu ya kwanza, mkuu wa kitengo alikuwa muumini wa Emacs, naye aliniita "yule wa vi" (kihariri kilichoizaa Vim) hata mbele ya wageni, na kazi zangu alizisoma baada ya kumaliza za wengine wote. Ugomvi huo ni wa zamani: Bill Joy aliandika vi katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1976, mwaka uleule Emacs ya kwanza ilipozaliwa katika chuo cha MIT. Richard Stallman, mwanaharakati wa programu huria aliyetoa toleo la GNU Emacs mwaka 1985, amezoea kupanda jukwaani akiwa na joho, na sahani ya diski kuukuu kichwani, akijiita Mtakatifu IGNUcius wa Kanisa la Emacs. Stallman anatania, mkuu wangu hakutania.

Usiku mmoja seva ya mteja iligoma, nasi tulikuwa na intaneti ya kusuasua. Emacs haikuwamo kwenye mashine ile, lakini vi ilikuwamo, kama ilivyo katika karibu kila mashine ya ukoo wa mfumo endeshi wa Unix, tena iliundwa enzi za laini za simu zilizokwenda polepole mno. Nilirekebisha mstari mmoja wa mipangilio, nikaandika :wq kuhifadhi na kutoka, na huduma ikarudi. Mkuu alisema ni bahati. Neno hilo sijalisahau hadi leo.

Basi, kijana wangu, jifunze vi kwa kiasi cha kujiokoa: bonyeza i uandike, Esc uache kuandika, kisha :wq uhifadhi na kutoka, au :q! utoke bila kuhifadhi. Baada ya hapo tumia kihariri ukipendacho. Usiwachukie waumini, kwa maana mtu aliyefundisha vidole vyake amri kwa miaka, ukikidharau chombo chake, huona umedharau jasho lake. Mwombe akuonyeshe anachokifanya upesi; atafurahi, nawe utaiba ujuzi. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, aliuelekeza utiifu wa namna hiyo kwenye jambo la maana: aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wenye shida wa Kibaale, kusini mwa Uganda.

Dharau ndiyo usiikubali, wala usiirithishe kwa watakaokuja nyuma yako. Mkubwa akikataa kazi yako kwa sababu ya chombo ulichotumia, mwombe kwa adabu aandike kasoro za msimbo wenyewe, mstari kwa mstari, kwa kuwa faili likishahifadhiwa halionyeshi liliandikwa kwa kihariri kipi.