Niliapa kwa binti kuwa sitasema. Je, nivunje kiapo?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nafundisha wasichana Qur'ani. Mmoja wao, mwenye miaka 13, alibadilika ghafla: msahafu uko wazi mbele yake lakini hasomi, na darasa likiisha anatafuta kila sababu ya kubaki nyuma. Siku moja aliniapisha kwanza, nikasema "Wallahi sitamwambia mtu", ndipo akanieleza kuwa mjomba wake anayeishi nao humwingilia usiku. Mwalimu wetu mkuu anasema nimsitiri Muislamu, kiapo ni kiapo, na bila mashahidi wanne nitakuwa nimesingizia zinaa. Anataka wazee wakae na familia yamalizwe nyumbani. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, sema, na usilaze hilo jambo. Kiapo chako hakikufungi. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Samura kwamba ukiapa kisha ukaona lililo bora kuliko ulichoapia, utoe kafara na ulifanye lile lililo bora. Na Qur'ani (2:224) imekataza kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kizuizi cha kutenda wema.

Mwalimu wako ndiye aliyenishughulisha zaidi, kwa sababu maneno yake nayasikia kila mahali, tena kwa watu wenye vilemba. Hadithi ya sitara, yaani ya kufunika aibu ya Muislamu, ameishika mkia akaacha kichwa. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, inaanza hivi: Muislamu ni ndugu wa Muislamu, hamdhulumu wala hamwachi mikononi mwa anayemdhuru. Sitara inakuja mwishoni. Sasa katika nyumba ile, nani anayeachwa mikononi mwa nani? Sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Binti akikujia analia kwamba alivuta sigara, au alimtumia mvulana picha akajuta, hapo msitiri na umnasihi (ingawa kama kuna anayemtisha kwa picha hiyo, mambo yamebadilika). Mtu ambaye dhuluma yake itarudi tena usiku wa leo hana sitara ya kudai. Imamu Nawawi alipotaja mambo sita yanayohalalisha kumsema mtu nyuma yake, alianza na mwenye kudhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumtetea.

Ama mashahidi wanne, hapa ndipo watu wanapoigeuza aya kuwa ngao ya mkosaji. Aya ya Suratun Nur (24:4) ilikuja kulinda heshima za wanawake wasizushiwe. Wewe husimami sokoni kutangaza kuwa fulani ni mzinifu, wala huombi apigwe hadd, ile adhabu ya zinaa iliyowekwa na sharia. Unapeleka malalamiko ya mtoto kwa wenye kazi ya kuchunguza. Anas, swahaba wa Mtume, amepokea kisa cha msichana aliyepondwa kichwa kwa mawe. Alitajiwa majina, akaashiria kwa kichwa lilipotajwa la aliyemuua. Mtu yule akaletwa, akaulizwa mpaka akakiri. Ishara ya msichana ilitosha kuanzisha uchunguzi. Hukumu ilikuja baada yake. Mwalimu atasema ile ilikuwa kesi ya damu. Naam, na kumwingilia mtoto nako si zinaa ya wawili walioridhiana, ni uvamizi. Hivi ni mbakaji gani atakayengoja watu wanne wasimame wamtazame?

Na sulhu? Mtume (s.a.w.) ameijuzisha isipokuwa ile inayohalalisha haramu. Wazee watakaa, mjomba atainamisha kichwa na kuomba radhi, Fatiha itasomwa, na binti atarudi kulala nyumba ile ile, safari hii mjomba akijua kwamba alisema. Hilo mimi siliiti sulhu.

Najua kinachokuuma: atakuona umemsaliti. Huenda akakuchukia kwa muda, nawe vumilia. Lakini usimzunguke. Mwambie kabla hujaenda, kwa maneno yake ya umri ule: "Nilikuahidi jambo nisiloweza kulitimiza, kwa sababu unaumizwa. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukulinda. Huna kosa." Hilo la mwisho lirudie. Usimhoji upya, wala usimtajie majibu. Andika alichokwambia kama alivyokitamka, pamoja na tarehe, na karatasi hiyo isionwe na asiyehusika. Kisha nenda kwa ustawi wa jamii au polisi, na aonwe na daktari mapema; akiwa ameumizwa siku za karibuni, kila saa ina maana kwa matibabu na kwa ushahidi. Usimkabili mjomba. Mama yake usimweleze mpaka wenye utaalamu wapime atasimama upande gani, maana wapo mama wanaopigania watoto wao na wapo wanaoogopa kaka zao. Darasani kwako asijue mtu, hata kwa njia ya kuombeana dua.

Umeniuliza kama kiapo ni kiapo. Kosa dogo lilikuwa kuahidi kabla ya kusikia. Wengine wakija, waambie mwanzo kabisa kwamba siri zao utazitunza, ila ukisikia mtu anaumizwa utatafuta msaada. Wengi watasema hivyo hivyo, kwa sababu walichokuwa wanatafuta ni mtu mzima asiyeogopa.

Kafara yako ni kulisha maskini kumi au kuwavisha, na usipoweza, kufunga siku tatu (5:89). Kulisha kunaweza kuja baadaye. Kwa binti huyu nenda kwanza. Wallahu a'lam.