Ukiwasha spika, hupigi tena picha ya tabia ya ndege

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Uyole, Mbeya. Asubuhi hizi za baridi kuna pasa, wale ndege wadogo wenye mikia mirefu, kwenye michongoma nyuma ya nyumba, wamebanana hadi huwezi kujua mkia upi ni wa nani. Nataka kupiga picha maisha yao ya kundi. Rafiki amenirushia sauti zao niwachezee kwa spika ili wasogee, lakini nikiwasha wanatawanyika. Je, sauti ni mbovu, au lenzi yangu ya milimita 300 ni fupi?

Jibu: Marahaba. Lenzi inatosha, na sauti huenda ni nzima kabisa. Kibovu ni ushauri wa rafiki yako, na kila kipupwe kikiingia naulizwa jambo hilohilo, kana kwamba ndege ni kuku wa kuitwa kwenye pumba.

Umeniambia unataka maisha ya kundi. Kundi lenyewe ni lile lililobanana, nawe unalivunja. Usiku wa baridi, pasa mwenye njaa huacha joto la mwili wake lishuke, na wakibanana hupoteza joto kidogo kuliko akilala peke yake. Alfajiri bado ni wazito. Ukimshtua saa hiyo, unamlazimisha aruke kwa akiba aliyokuwa ameibana usiku kucha, tena kabla hajala kitu. Isitoshe, wale jamaa sauti zao nyingi ni za kuitana na kuonyana. Hujui umewachezea ipi. Kutoka kwenye spika yako pengine wamesikia "kimbieni!", nao wamekimbia.

Zima spika. Fika kabla jua halijachomoza, yaani kabla ya saa moja, ukae pale watakapokuona wazi bila kuwanyatia. Jua liwe mgongoni kwako. Likiwafikia, bonge litafumuka lenyewe: mmoja atapanda juu, atakamata kitawi huku miguu ikiwa usawa wa mabega, atachanua manyoya ya tumbo na kulianika. Wengine watamfuata, watasukumana, watachambuana manyoya ya shingo. Picha unayoitafuta ni hiyo. Shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) ya 1/500 ya sekunde inatosha. Ukungu ukiwa mzito, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 na usiogope chengachenga kwenye picha. Ukirudi ndani, iache kamera kwenye begi lililofungwa ipate joto polepole. Ukiitoa karibu na jiko la mkaa, lenzi itajaa unyevu.

Kuna na hawa wanaoiga video za Ulaya, wanamwaga mahindi "kuwasaidia ndege na baridi". Kule theluji hufunika chakula. Uyole imefunikwa na nini? Pasa anakula majani, machipukizi na matunda, na bustani yako anaijua kuliko wewe.

Lakini pasa wa uani watapona. Kinachoniudhi ni spika hizohizo kupelekwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo wakati wa mvua, msimu wa kuzaliana wa mbayuwayu wa buluu. Ndege hao wamebaki wachache duniani, na viota vyao huviweka ndani ya mashimo ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga. Mpiga picha akisimama mdomoni mwa shimo, mzazi aliyebeba wadudu haingii. Atazunguka juu huku makinda yakisubiri. Halafu picha inasambazwa na maneno "tabia za asili". Ziko nyingine mbaya zaidi: ndege aliyenaswa kwa ulimbo, au aliyefungwa uzi mguuni ukafichwa nyuma ya jani. Mtazame manyoya. Ndege aliyetulia huyalegeza. Huyo aliyenaswa amebana kila unyoya, na mdomo uko wazi ilhali hakuna joto.

Kwa hiyo kiongozi wa watalii akikuahidi ndege fulani "dakika tano tu", muulize atamleta kwa njia gani kabla hujatoa hela. Akichomoa spika mfukoni, tafuta mwingine.